Kafi Nyuma ya Mulango wa Depo

Batoto bangu ba depo,

Juzi mulinitumia picha mu telefone. Kafi moja, ile ubao ya kusukumia mutumbwi, imepasuka ku ncha, inasimama nyuma ya mulango. Chini mukaandika: "Mama Masika, tuko tunasafisha depo. Hii kipande ya ubao tuitupe? Mashini inasema inalipiwa kila mwezi, mais haifae hata kuni." Nikacheka peke yangu mu jiko mupaka mujukuu wangu akauliza kama niko na homa. Kisha nikaacha kucheka. Nilianza kuwajibu na kidole, nikaona jibu yangu haiwezi kuingia mu message. Nikatafuta stilo, kalamu yangu ya zamani. Njo hii karatasi muko nayo.

Hapana kuitupa. Hata kuihamisha, hapana. Nitawaambia sababu, mais nitapita njia yangu. Ninyi mulianza hii kazi mashini, ile kompyuta, ikiwa tayari ku meza. Mi niliianza na kaye, daftari ya karatasi, na stilo, na stilo yenyewe ilikuwa imefungwa na kamba ili bateja basiende nayo.

Batu banachekaka nikisema nilizeeka nikichunga mitumbwi Butembo. "Butembo? Ziwa iko wapi?" Ziwa haiko! Huku ni milima, baridi na vumbi. Ziwa iko kule chini, Kyavinyonge, unashuka mupaka masikio inaziba. Mais benye mitumbwi, wengi balikuwa bachuuzi ba huku juu. Wakati kuvua kumefungwa, ao wakati habari ya kule chini si muzuri, mutumbwi ukiuacha ku muchanga utarudi ukute mbao zake zilipika maharagwe ya mutu. Na moteur, ile injini ya mutumbwi, usiulize. Moteur yenye kuachwa bila muchungaji inatembea peke yake. Donc balikuwa banapandisha vyote na lori: moteur, nyavu, na mitumbwi midogo ikipinduliwa juu ya mizigo. Batu ba Mususa, mutaa wetu, balikuwa banatoka ku milango kutazama mutumbwi unapita mu barabara ya vumbi. Patron wetu, Papa Mbusa, alikuwa na hangar, ghala ya zamani ya kahawa. Akabaambia: "Muweke kwangu, mutalipa kwa mwezi." Depo ilianza hivyo, bila karatasi hata moja.

Mwenye alinifundisha kazi ni muzee Kakule. Alikuwa muchungaji wa depo, mutu mufupi, na koti yenye mifuko ine, na kila mufuko ulikuwa na kazi yake. Hakupenda maneno mengi. Siku yangu ya kwanza aliniambia kitu kimoja tu: "Moteur ikiingia, unusa mbele ya kuandika." Mi nilikuwa nimetoka ku masomo, nilikuwa na mwandiko muzuri, nikaona kunusa ni kazi ya mbwa. Wiki ya pili nikapokea moteur moja, nikaiandika vizuri sana, nikapiga musitari na règle. Tangi ilikuwa imejaa mafuta. Muchana jua likapiga mabati, hangar yote ikanuka, na muteja mumoja akaingia na sigara ku midomo. Muzee Kakule hakupiga kelele. Alimutoa yule mutu kwa bega, akarudi, akanionyesha moteur na kidevu. "Itoe inje. Peke yako." Niliivuta ile chuma mupaka mugongo ukalia kwa siku tatu. Tangu pale nilinusa kila kitu, hata bateja bengine.

Ni yeye pia alinifundisha kwamba nyavu zinatundikwa, hazilazwi, sababu panya anapenda nyavu yenye inanuka samaki. Na kwamba mutu akikuletea kitu akisema "ni ya siku mbili tu", umuandikie mwaka.

Mais desturi yake kubwa ilikuwa ingine. Mbele ya kuandika jina ya kitu, aliuliza: "Mama yako ni nani?"

Munajua sisi Banande. Kwetu mutoto mwanamuke wa kwanza ni Masika, njo mi huyu. Mwanaume wa pili ni Kambale. Kila nyumba iko na Kambale wake, na ukisimama mu soko ya Butembo ukaita "Kambale!" nusu ya soko itageuka. Uongeze jina ya ubatizo, bado: mapadri bako na orodha yao na bazazi banachagua mule mule. Donc mu kaye ya muzee Kakule kila muteja alikuwa na musitari mbili. Wa kwanza: jina yake. Wa pili: mama yake na kilima chake. Siku moja muchuuzi mukubwa, mwenye tumbo na saa ya kung'aa, akakasirika: "Mama yangu anaingia wapi mu moteur yangu?" Muzee Kakule akamujibu bila kuinua macho: "Anaingia pa musitari wa pili." Yule bwana akataja mama yake, tena na heshima.

Mutanisikia nikisema juu ya zamani mukafikiri naililia. Aa, hapana! Zamani ilikuwa na fujo yake. Muteja alikuwa anasema "nilimulipa Kakule mu barabara, mbele ya kanisa," na Kakule anasema "ile ilikuwa salamu, haikuwa pesa." Panya alikula reçu, zile karatasi za malipo, za mwaka muzima. Kuna bwana alilipa na samaki wa kukauka, tukaandika mu kaye neno moja, "samaki", kisha hakuna mwenye alikumbuka ni ngapi, na paka wa depo hakutaka kusema. Papa Mbusa alikuwa anapoteza. Njo maana alimuita Héritier.

Ninyi munamujua Héritier kama chef wenu. Wakati ule alikuwa kijana wa miaka makumi mbili na kitu, ametoka Goma na mashini mu sakoshi, sahani ya jua ku kichwa cha pikipiki, na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Butembo, mu depo ya nyavu! Muzee Kakule alikuwa amekufa mwaka mumoja mbele yake kufika. Kaye zake zote nilizifungia mu sanduku ya chuma, nikaiweka chini ya meza yangu. Nilikuwa naegesha miguu pale, nawaambia kweli yote.

Héritier alifanya kazi muzuri. Muteja analipa na telefone, message inatoka yenyewe: malipo yako yamefika, asante. Mwenye hajalipa, jina yake inakuwa nyekundu. Mwezi wa tatu anapata onyo. Mwezi wa ine, kitu chake kinauzwa. Ile ya kuuza ilikuwa sheria ya Papa Mbusa mwenyewe, akaibandika ku mulango.

Bateja bazee balipata shida na reçu ya mu telefone. Kwetu karatasi bila cachet, ule muhuri, ni karatasi ya kufungia karanga. Papa mumoja alilipa vizuri, message ikafika, akaisoma mara mbili, kisha akanyoosha telefone yake juu ya meza. "Mama, piga cachet."

"Wapi, papa?"

"Hapa, ku kioo."

Nilitazama Héritier, Héritier akatazama viatu vyake. Nikakata kipande cha kaye, nikanakili namba yote ya message, nikapiga cachet mbili, moja ya deni na moja ya roho yake. Akaenda akifurahi. Mushike ile: mutu akitaka karatasi, umupe karatasi.

Sasa nafika ku kosa yangu. Nimezunguka vya kutosha.

Kuhamisha majina kutoka kaye kuingia mu mashini ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa naandika na vidole viwili, natafuta herufi moja moja, na miwani yangu ilikuwa ya zamani. Héritier alikaa pembeni, na heshima, hapana kunikimbiza. Mais nilimuona anatazama saa. Nilisikia haya. Nilikuwa mutu wa mwandiko muzuri, mwenye patron alikuwa anaonyesha bageni, na pale nilikuwa mutoto wa masomo ya kwanza. Tulipofika ku majina ya makumi ine hivi, akaniuliza: "Mama Masika, hii musitari wa pili, jina ya mama, mu mashini yangu haina nafasi. Naweza kuitengenezea nafasi, mais itachukua siku mbili. Ao tuiache?"

Alikuwa tayari kuitengeneza. Ni mi nilisema: "Iache. Inatuchelewesha."

Ile siku tulimaliza kazi mapema. Nilirudi nyumbani mwepesi, nikapika ugali na sombe, nikaimba.

Mu depo yetu kulikuwa Kambale Jean-Bosco babili. Mumoja wa Musienene, mutu wa viazi, munene kidogo, mwenye kelele. Alikuwa na mutumbwi na nyavu kwetu. Mwingine wa Mbau, kule upande wa Beni, ku barabara ya Oicha. Huyu alikuwa mulimaji, na wakati wa kuvua alikuwa anashuka ziwani na moteur yake, moteur ya buluu, anakodisha na kufanya kazi nayo. Mu kaye bale babili hawakufanana hata kidogo. Mu mashini balikuwa musitari mbili sawasawa, mumoja juu, mumoja chini.

Wa Mbau alikuwa analipa kutoka Beni. Batu balikuwa bamekimbia Mbau sababu ya vita, mulisikia wenyewe, na mu kukimbia alipoteza telefone. Donc alikuwa anaenda ku cabine, kile kibanda cha kutuma pesa, anatoa pesa, bwana wa cabine anatuma na namba yake mwenyewe, anaandika: "Kambale Jean-Bosco, depo." Pesa inafika. Mi nafungua mashini, naandika Kambale, mashini inanionyesha babili, na mi nabofya wa juu. Kila mwezi wa juu. Sijui nilifikiri nini. Sikufikiri, njo shida yenyewe.

Wa juu alikuwa wa Musienene.

Miezi ine wa Musienene anapata message: malipo yako yamefika, asante. Na wa Mbau anakuwa nyekundu, na maonyo yote yanaenda ku telefone yenye ilianguka mu majani, kule Mbau.

Siku ya kuuza ilikuwa jumamosi. Moteur ya buluu ikatolewa inje, ikafutwa vumbi. Bwana mumoja akatoa bei nzuri akainunua. Nilipoandika reçu nikacheka kwa sauti, nikamuita Héritier aone: mwenye deni, Kambale Jean-Bosco, mununuzi, Kambale Jean-Bosco. "Mutu ananunua kitu yake mwenyewe!" Tulicheka wote watatu, mi, Héritier na Kambale wa Musienene. Alikuwa na pesa ile mwezi, sababu miezi ine hakulipa depo. Akaacha moteur kwetu mupaka jumanne, siku ya lori kushuka. Nikapiga cachet.

Jumatatu asubuhi, saa tatu, mutu akaingia na mufuko wa plastike. Amekonda, shati safi, imepigwa pasi. Akasalimia, akakaa pa benchi, akangoja bateja bengine baishe, ingawa alifika mbele yao. Kisha akaja ku meza.

"Mama, nimekuja kutoa moteur yangu. Kambale Jean-Bosco. Kesho nashuka na lori."

Nikamuambia jina yake iko nyekundu, moteur iliuzwa. Nilisema na ile sauti ya biro, ya mutu wa ofisi, munaijua, munaitumiaka. Hakubisha. Alifungua mufuko, akatoa bikaratasi bine bya cabine, akavipanga ku meza kimoja kimoja, akavinyoosha na kidole. Nilichukua cha kwanza, nikatafuta tarehe mu mashini. Ilikuwa pale. Pesa ile ile, siku ile ile, ku musitari wa juu. Cha pili, vile vile. Cha tatu sikukitafuta.

"Mama?" akasema. "Haziko?"

"Ziko," nikasema. "Kaa kidogo, papa."

Moteur ilikuwa bado mu hangar. Lori ilikuwa ya kesho. Nikamuita Papa Mbusa, nikamutuma Héritier ku soko kumutafuta Kambale wa viazi. Alikuja na vumbi ya viazi ku mikono, akasikiliza, akatoa reçu mu mufuko wa shati.

"Iko na cachet," akasema. "Cachet ya nani, Mama Masika?"

"Yangu."

"Alafu?"

"Alafu nilikosa."

Papa Mbusa akamugeukia. "Na wewe, miezi ine unapata message ya kulipa na hulipe kitu, hukuuliza?"

"Nilifikiri ni shemeji yangu. Alikula mbuzi yangu mwaka jana, nikasema labda roho inamuuma." Akapangusa mikono ku suruali. "Patron, wewe ungeuliza?"

Papa Mbusa akatazama dirisha.

Wa Mbau alikuwa amesimama tu. Nikamuambia aseme na yeye. Akasema polepole: "Mi sitaki kelele na mutu. Kyavinyonge kuna mwenye mutumbwi ananingojea mupaka kesho. Hana moteur. Tulipatana, nikileta moteur, tunagawa samaki nusu kwa nusu. Kesho ikipita atatafuta mwingine. Niko na batoto batano Beni, mu nyumba ya batu, chumba kimoja. Shamba yangu, hakuna mwenye anafikaka. Moteur njo imebaki."

"Pole," akasema wa Musienene, na nilisikia ilikuwa pole ya kweli. "Mais mi nitajua je kama ni yako? Wewe Kambale, mi Kambale. Bikaratasi bya cabine, kila mutu anaweza kuokota. Mi nililipa pesa ya jasho. Niko na batoto pia."

Alikuwa na haki. Njo jambo baya zaidi: kila mutu mu ile biro alikuwa na haki isipokuwa mi.

Nikainama chini ya meza, nikavuta sanduku ya muzee Kakule. Kufuli ilikuwa na kutu, Héritier akaifungua na bisibisi. Nikatafuta kaye, nikatafuta ukurasa, nikaufunika na mukono. Nikauliza kama muzee alivyokuwa anauliza.

"Wa Musienene, mama yako ni nani?"

"Kahindo," akajibu mara moja.

"Na wewe, papa?"

Huyu alikawia. Nilifikiri hakusikia, nikataka kurudia.

"Kavira," akasema.

Nikatoa mukono. *Kambale J.B. Mama: Kavira. Mbau. Moteur ya buluu, kovu ku helisi, meno mawili.* Papa Mbusa mwenyewe akatoka, akaenda kuinama ku helisi, ile panga yenye kuzunguka mu maji, akarudi. "Meno mawili," akasema.

Nilidhani imeisha. Mais Kambale wa Mbau alikuwa amekaribia meza, anatazama kaye, na akaweka kidole pa lile jina. Hakukitoa.

"Ni nani aliandika hii?"

"Muzee Kakule. Amekufa."

"Ile siku mama alikuwa muzima. Yeye njo alinipa pesa ya mwezi wa kwanza ya kulipa hapa. Aliuza jogoo wake." Akapumua. "Tulimuzika pembeni ya barabara, tukikimbia. Hapakukuwa na musalaba, hapakukuwa na ubao wa kuandika. Hata nikirudi, sitajua ni wapi. Sikujua kama kuna mahali bameandika jina yake."

Héritier alikuwa bado anashika bisibisi. Kambale wa Musienene alitoa kofia yake, akaishika mbele ya tumbo. Kisha akasema: "Munirudishie pesa yangu. Achukue moteur yake. Na ile miezi ine alinilipia, nitamurudishia mi mwenyewe, hapana depo." Jioni ile alileta pesa, na juu yake gunia ya viazi, zito, wanaume babili ndio baliinua.

Mutauliza pesa ya kumurudishia mununuzi ilitoka wapi, sababu ile ya jumamosi Papa Mbusa alikuwa amekwisha kulipia deni ya depo. Papa Mbusa aliniuliza mbele ya wote: "Kosa ni ya nani?" Nikasema ya mi. "Donc itatoka ku décompte yako." Nilikuwa nimebakiza miezi sita nistaafu, na ile pesa ya mwisho nilikuwa nimeiwekea mabati mapya ya jiko. Nilitumaini atasema hapana, Mama Masika, umetumika miaka mingi, tusahau. Alisahau nusu. Nusu nililipa, na sikulipa na furaha, nisiwadanganye. Mupaka leo mvua ikinyesha naweka sufuria pale kati, nasikia tii, tii, tii, na nakumbuka musitari wa juu.

Héritier alitengeneza nafasi ya jina ya mama mu ile wiki. Siku mbili, kama alivyosema. Majina yote niliyaingiza mi, na vidole viwili, nikipigia bateja telefone mumoja mumoja: "Mama yako ni nani?" Bengine balicheka, bengine balinyamaza, mumoja alilia nikangoja. Njo maana leo mashini inakataa kuendelea ukiacha ile nafasi tupu. Najua inawakasirisha. Najua mumoja wenu aliandika "mama" tu pale ili ipite, Héritier aliniambia, sitataja jina. Na message nayo ilibadilika. Sasa inasema: *Kambale Jean-Bosco wa Kavira, malipo yako yamefika, asante.*

Yeye alishuka na lori ile jumanne, moteur na gunia ya viazi pamoja. Alifika mbele yule mwenye mutumbwi hajatafuta mwingine. Mbele ya kushuka alilipa miezi yake ine na ile pesa ya wa Musienene, nikafunga hesabu yake: kitu hakuna, deni hakuna. Mwezi mumoja na kitu ukapita, lori ikapanda kutoka ziwani, na shoferi akanishushia kafi moja ya kupasuka na karatasi imefungwa na kamba: *Ya depo.* Nikampigia, alikuwa amenunua telefone.

"Papa Kambale, hii kafi imevunjika. Uliituma ya nini?"

"Muichunge, mama. Nitalipa kwa mwezi."

"Kulipa kafi? Ukilipa mwezi mumoja utakuwa umenunua tatu mupya!"

"Andika tu, mama."

Nikaandika. Niliona ni mutu wa deni ya roho, anataka kututolea shukrani, itaisha. Haikuisha. Kisha mbele kidogo ya kustaafu kwangu akapita Butembo, akiwa amenenepa kidogo, akaniletea samaki. Nikamuuliza uso kwa uso ile kafi ni ya nini. Akatoa telefone mu mufuko, akafungua message zetu, akanionyesha na kidole kutoka juu mupaka chini. Zote alizichunga, hakufuta hata moja. Moja kwa kila mwezi.

"Munaniandikia jina yake," akasema.

Nilimupa ile kaye ya muzee Kakule aende nayo. Akakataa. Akasema ibaki hapa, mahali batu banaingia na kutoka.

Donc, batoto bangu, ile kafi muifute vumbi, muirudishe pale pale nyuma ya mulango. Tarehe ya kwanza ya mwezi, pesa yake ikifika, mutazame vizuri ni musitari gani munabofya. Na kama ile siku réseau ya telefone ni mubaya, musiseme itaenda kesho. Mutume tena mupaka ifike.

Mimi mama yenu,
Masika, wa Katungu, Mususa.